Karatasi za Nyuma ya Mlango

Hawakumwita Mama Futi kwa sababu ya kimo chake, maana kimo hakuwa nacho. Walimwita hivyo kwa ajili ya futi yake ya kupimia, ya manjano, ambayo tarakimu zake zilikuwa zimefutika kuanzia inchi ya thelathini na mbili hadi ya arobaini na nne, yaani pale ambapo wanawake wengi wa mtaa ule huanzia na kuishia. Aliivaa shingoni tangu anapofungua mlango asubuhi mpaka anapoufunga jioni. Mara mbili alikwenda nayo msibani akidhani amevaa mtandio, na hakuna aliyemwambia kitu. Wapo tu waliosogea kando kidogo, wakijiuliza amekuja kumpima nani.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kikitazama barabara ya malori. Kulikuwa na cherehani mbili: yake karibu na dirisha, na ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, karibu na mlango. Wifi alishughulikia vifungo, pindo na habari za mtaa, na katika hayo matatu ni la mwisho tu ambalo hakuwahi kulirudia kwa sababu ya kukosea.

Kati ya cherehani hizo alisimama Mwenza. Mwenza lilikuwa sanamu la fundi: kiwiliwili cha mwanamke kisicho na kichwa wala mikono, kilichofunikwa kwa turubai jeupe na kuchomekwa kwenye mguu mmoja wa chuma. Jina alipewa na marehemu. Siku lilipoletwa alilizunguka mara moja akasema, "Sasa nimepata mke wa pili. Hali, hasemi, na ndugu zake hawaji kukaa mwezi mzima." Miaka saba baadaye mume akafa, na wake zake wawili wakabaki pamoja chumbani bila ugomvi wowote.

Vipimo vya wateja Mama Futi hakuviandika daftarini. Kila mteja alikuwa na karatasi yake ya kaki, iliyokatwa kwa umbo la mwili wake na kutundikwa msumarini. Kwa kifua, karatasi hiyo ilikuwa nusu tu. Kitambaa hukunjwa katikati, karatasi ikalazwa kwenye kunjo, mkasi ukapita mara moja. Ukikikunjua, kushoto na kulia vinafanana kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Huo ndio msingi wa kazi yote ya ushonaji: kuamini kwamba hata Mungu alikunja kitambaa.

Mungu hakukunja kila mara. Mama Futi alilijua hilo kuliko wengi, kwa kuwa ukutani mwake zilining'inia karatasi zaidi ya mia, zenye nusu moja kila moja, na nyuma ya mlango, kwenye msumari wa peke yake, zilining'inia tatu zenye nusu mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Huyu alikuja mwaka wa tatu wa kushonewa, akainua mkono, akasema, "Fundi, nguo inanivuta hapa." Mama Futi akapitisha futi, akaona upande wa kushoto umezidi kwa upana wa kidole. Hakuuliza. Fundi mwenye adabu haulizi mwili wa mtu habari zake. Alimkatia nusu ya pili, ya kushoto peke yake, akaongeza kidole kimoja chini ya kwapa na akaweka bitana nzito kulia ili pande zote zilingane. Mwalimu akajitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku, akasema, "Una mikono ya ajabu wewe. Mtu haoni kitu." Na kweli, hakuna aliyeona kitu kwa mwaka na miezi minne.

Ya pili ilikuwa ya muuza mayai. Ya tatu ilikuwa ya mke wa fundi saa, ambaye aliongezewa kidole mara mbili. Wote watatu walizikwa, na wote watatu walisifiwa msibani kwamba mpaka siku za mwisho nguo ziliwakaa vizuri.

Hakuzitupa karatasi zile. Hakuna mrithi anayekuja kudai karatasi ya kaki. Alizitundika nyuma ya mlango mahali ambapo wateja hawaangalii, na huko zilikuwa zikichakarisha. Zilichakarisha mlango ukifungwa, jambo la kawaida. Zilichakarisha pia mlango ukiwa umefungwa saa nzima na dirisha limefungwa na wifi yuko sokoni.

"Panya," alisema wifi.

"Panya gani anapanda msumari?"

"Basi malori."

Wakakubaliana kwamba ni malori.

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Januari, Mama Futi alimvalisha Mwenza mwili wake mwenyewe. Fundi hawezi kujipima mgongo, wala hawezi kujichomeka pini akiwa ndani ya nguo. Kwa hiyo hulipatia sanamu unene wake, kisha hujishonea juu yake. Alifungua turubai, akaongeza pamba pale mwaka ulipomwongeza, akapunguza pale ulipompunguza, akafunga tena. Kwa kawaida wifi ndiye aliyeshika futi na kusoma, kwa sauti inayofika hadi barabarani. Mwaka ule wifi alikuwa anaugua jino, amejifunga kitambaa kichwani kama zawadi. Mama Futi akafanya peke yake, kwa mikono tu: anajishika, anamshika Mwenza, anajishika, anamshika Mwenza. Ilimchukua asubuhi moja. Baadaye alijaribu sana kuikumbuka asubuhi ile, na alichokumbuka ni kwamba chai ilipoa.

Februari akaanza gauni lake la harusi ya mtoto wa kaka yake. Alilikata kwa kukunja, kwa nusu moja, kama desturi. Alipomvalisha Mwenza, likamvuta. Kushoto, chini ya kwapa. Akafumua, akashona tena. Likamvuta. Akailaumu cherehani, akaitia mafuta. Likamvuta. Akalivaa mwenyewe. Likamvuta palepale.

"Umenenepa, wifi," alisema wifi kwa furaha.

"Mtu hanenepi upande mmoja."

Alilisema hilo mwenyewe, kwa mdomo wake, akalisikia, kisha akaenda kuchemsha maji ambayo hayakuwa na kazi.

Kuanzia siku ile hakupenda kumtazama Mwenza. Jioni kabla ya kufunga alimgeuza, kifua ukutani. Asubuhi akifungua, Mwenza anatazama chumba. Mara ya kwanza alidhani amesahau. Mara ya pili akamuuliza wifi, na wifi akaapa kwa jino lake. Parafujo ya mguu wa Mwenza ilikuwa imelegea, na malori yanapopita chuma huzunguka polepole. Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu nzuri kabisa. Hata hivyo ungetegemea chuma kilicholegea kisimame siku moja huku na siku moja kule. Hiki kilisimama palepale kila siku, upande wa kushoto ukiwa mbele kidogo, kama mteja anayeinua mkono kuonyesha nguo inapomvuta.

Mwisho alichukua karatasi ya kaki akajikatia nusu ya pili. Gauni likakaa vizuri sana. Akaitundika karatasi hiyo kwenye msumari wake wa siku zote, karibu na dirisha, akaipa mgongo.

Muuguzi wa zahanati ya mtaa alikuja siku ya Ijumaa kuchukua sare zake mbili. Alikuwa mwanamke mrefu, mchovu, mwenye mzaha mkavu, na mtaa mzima ulimwita Sista, pamoja na wazee waliomzidi miaka thelathini. Wifi alikuwa amebakiza kifungo kimoja. Sista akasimama kusubiri, akaegemea Mwenza kama mtu anavyoegemea mlango.

"Shikamoo Mwenza," alisema.

"Leo hajibu, amenuna," alisema wifi na uzi mdomoni.

"Nami ningenuna. Mwezi mzima huu nafundisha kina mama kujichunguza matiti. Tumeletewa titi la mpira la kufundishia, moja, na limechanika. Natumia dafu..."

Mkono wake, bila yeye mwenyewe kuutuma, ulikuwa umeanza kazi yake ya mwezi mzima. Vidole vitatu vya katikati, bapa, vikizunguka taratibu juu ya turubai kutoka nje kwenda ndani. Vilikuwa vimesimama. Vikarudi nyuma. Vikasimama tena palepale.

"Mama Futi," alisema. Sauti haikuwa ya mzaha. "Kifua hiki ni cha nani?"

"Hilo sanamu, Sista."

"Naona ni sanamu, sijawa kipofu. Nauliza umelipimia nani?"

Wifi alitoa uzi mdomoni.

"Mimi," alisema Mama Futi.

"Na hili donge nani ameliweka?"

"Pamba imejikusanya."

"Pamba ijikusanye mahali pamoja, juu, upande wa nje, karibu na kwapa, iwe ngumu hivi? Pamba gani yenye elimu ya zahanati? Fungua."

Mama Futi alichukua kisu cha kufumulia akafumua turubai la kushoto mshono kwa mshono, polepole, kwa sababu hata wakati ule hakupenda kuharibu kazi. Akaingiza vidole ndani ya pamba laini, akatoa kitu. Kilikuwa kidonge cha pamba, kikubwa kiasi cha mbegu ya tende, kilichobanwa na kuzungushiwa uzi mweupe mizunguko kumi na mmoja, na mwisho wa uzi ukafichwa kwa kifundo. Kifundo kile walikifunga mafundi wawili tu katika mji ule. Mmoja alikuwa bibi aliyemfundisha, naye alikuwa amekufa zamani.

"Sikukifanya mimi," alisema Mama Futi, akikitazama kifundo chake.

Lori likapita. Nyuma ya mlango karatasi zikachakarisha.

"Sikiliza, mama," alisema Sista, na sasa alisema kama anayezungumza na mgonjwa. "Madonge mengi si saratani. Matiti ya wengi hayalingani, na ni sawa. Ila kilichobadilika kinatazamwa. Kinauma?"

"Hapana."

"Lingeuma ungekuja mwaka jana, najua. Jumatano, chumba namba sita. Nguo iwe ya vifungo vya mbele, usinitie kazi."

Jumatano ikaja, Mama Futi akawa na pindo la kumalizia. Pindo lenyewe lilikuwa refu, lilimchukua mpaka zahanati ikafungwa. Alijiambia atakwenda baada ya harusi. Gauni lilikuwa zuri, lilikaa. Mtu asingeona kitu. Alishika mara moja tu, bafuni, kwa vidole vitatu bapa kama alivyoona, akatoa mkono haraka kama aliyegusa pasi.

Siku ya pili yake, asubuhi, wifi alikuwa anafagia nyuma ya mlango. Ufagio ukasimama.

"Wifi. Njoo."

"Nina pini mdomoni."

"Ziteme uje."

Kwenye msumari wa nyuma ya mlango zilikuwapo karatasi nne.

Ya nne ilikuwa na nusu mbili, na kaki yake ilikuwa bado mpya. Msumari wa dirishani ulikuwa mtupu.

"Umeihamisha wewe?" aliuliza Mama Futi.

"Mimi? Mimi zile sizigusi hata kwa ufagio, nazizunguka. Unajua ninavyoziogopa."

"Basi nani?"

Wifi aliegemeza ufagio ukutani.

"Kuna watu wangapi chumba hiki wenye mikono?" alisema.

Mama Futi aliitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia mbele ya tumbo, mmoja juu ya mwingine, mipole, kama watoto waliovunja kitu. Kwa miaka thelathini ilikuwa imejua mambo kabla ya kichwa chake kuyajua. Ilijua ya mwalimu. Ilijua ya muuza mayai. Ya mke wa fundi saa iliyajua mara mbili. Kila ilipojua, yeye aliipa kazi: ongeza kidole, weka bitana, ficha. Sasa ilikuwa imechoka kumngoja.

"Niliwafunika," alisema. "Wifi, nilijua upande umezidi, nikawafunika. Mwalimu alijitazama kwenye kioo kile pale akasema haoni kitu. Alikuwa haoni kwa sababu yangu."

"Hukuwa unajua ni nini."

"Wa kwanza sikujua. Na wa tatu?"

Wifi alikuwa mtu mwaminifu kwa namna yake. Alisema tu, "Ukiitundika ya kwako hapo na kwenda harusini, mimi sitakaa chumba hiki na nne. Tatu zinanitosha. Kumzika kaka yangu nilimzika, nawe nikuzike, halafu nibaki na huyo asiye na kichwa? Vaa viatu."

"Leo Alhamisi. Sista alisema Jumatano."

"Sista yuko dukani pa rangi ananunua brashi, nimemwona. Vaa viatu kabla sijapiga kelele."

Kelele za wifi zilikuwa zinajulikana. Mama Futi akavaa viatu.

Sista alifungua chumba namba sita siku isiyo yake, akamweka Mama Futi mwisho wa benchi lenye wanawake waliokuja kwa mambo mengine. Karibu wote walikuwa wamevaa nguo alizowashonea. Aliisoma migongo na mabega, hakuweza kujizuia: huyu nilimpunguzia, yule alidanganya kiuno, huyu mshono wangu wa mwaka wa mvua. Alikuwa kama mwandishi aliyefungiwa kwenye maktaba ya vitabu vyake. Na kwa mara ya kwanza aliona kwamba nguo zote zilisema jambo moja: kwamba ndani hakuna kitu.

Sista alimpima kwa mikono ya baridi. Mama Futi hakuwahi kupimwa na mtu mwingine zaidi ya wifi tangu alipokuwa msichana. Alitazama dari akahesabu mbao. Kisha Sista akampeleka hospitali kubwa, kwenye mashine inayolibana titi kati ya mabamba mawili kama pasi, na baada yake kwa daktari mwenye sindano ndefu ya kuchukua nyama kidogo.

"Uligundua lini?" aliuliza daktari, akiandika.

"Januari."

"Ulikigusa?"

"Hapana. Nilikishona."

Daktari aliinua kalamu, akamtazama Sista, naye Sista akatikisa kichwa kumwambia aendelee tu.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Katika siku hizo Mama Futi hakukata kitambaa cha mtu yeyote. Alikaa dirishani akafumua na kushona kipande kilekile. Mwenza alisimama na ubavu wazi, pamba ikichungulia, na hakugeuka tena usiku wala mchana, ingawa malori hayakupungua. Karatasi nazo hazikuchakarisha. Wifi alisema huo ukimya ndio mbaya. Ilibidi aimbe, na wifi haimbi vizuri.

Ilikuwa saratani. Daktari alisema bado ndogo, haijatembea mpaka kwenye tezi za kwapa, na imekuja mapema kuliko nyingi anazoziona. Neno "mapema" lilikaa kichwani mwa Mama Futi siku nzima. Alihesabu Januari, Februari, Machi, na ile Jumatano aliyoikalia. Akaongeza mwaka na miezi minne ya mwalimu. Akaacha kuhesabu.

Titi lilitolewa mwezi wa nne. Harusi ilipita bila yeye. Gauni alilivaa wifi, likamvuta kila mahali. Zikafuata dawa, na nywele zikaenda, na jirani mmoja akaleta matunda na kumwambia kwamba anaonekana vizuri sana, kwa sauti ile ya watu wanaotazama saa. Mwaka ukageuka. Daktari akasema arudi baada ya miezi sita, kisha akasema hivyo tena. Daktari husema hivyo kwa watu anaotarajia kuwaona.

Januari, Mama Futi alimfungua Mwenza. Wifi alishika futi akasoma kwa sauti ya kufika barabarani, tarakimu zote, hata zile ambazo barabara haikuhitaji. Upande wa kushoto Mama Futi alitoa pamba yote, akavuta turubai likakaa bapa, akalishona kwa mshono unaoonekana.

"Utawatisha wateja," alisema wifi.

"Ndiyo."

Wateja walitishika. Baadhi walihama, kuna fundi mwingine karibu na kituo cha polisi anayekata kila mtu kwa kukunja. Waliobaki walizoea. Wiki ile ile aliingia dada mwenye duka la rangi, mcheshi, mnene, akiwa na kitenge kipya kwapani. Akampa Mwenza mgongo ili asimwone, akainua mkono wa kulia.

"Mama Futi, lile la kijani linanivuta hapa. Niongezee kidole kimoja tu, sherehe ni Jumamosi."

Mama Futi alipitisha futi. Akaipitisha tena. Kisha akakikunja kile kitenge kipya, akakirudisha kwapani mwake kilikotoka.

"Leo Jumatano," alisema. "Chumba namba sita. Sikati mpaka Sista aniandikie."

"Jamani, wewe fundi au daktari? Huenda nimenenepa tu!"

"Huenda. Ataandika kwamba umenenepa, na mimi nitakukatia bure."

Dada wa rangi alicheka, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye, akakutana na Mwenza. Alitoka bila kuaga. Wifi alichungulia dirishani.

"Amekwenda kulia au kushoto?" aliuliza Mama Futi. Kulia ni nyumbani, kushoto ni zahanati.

"Amesimama."

Wakangoja. Lori likapita.

"Kushoto," alisema wifi, akarudi kwenye vifungo vyake.

Mama Futi alikwenda nyuma ya mlango kuchukua karatasi yake, maana alitaka kujishonea kitu. Alikuwa ameiacha hukohuko kwenye msumari ule. Hakuona sababu ya kuihamisha, na hakutaka kujua kama ingekubali kubaki ilikohamishiwa. Ilikuwa na nusu mbili, moja ya mviringo, na ya kushoto, aliyoikata upya, iliyonyooka. Alipoishusha, zile tatu zilichakarisha kidogo na kusogea. Mlango ulikuwa umefungwa, na barabarani hakukuwa na lori. Alizisubiri zitulie. Jioni, alipoirudisha, alikuta zimemwachia nafasi, naye akaitundika ya juu kabisa, pale ambapo mkono unafika kwa urahisi kesho.